Mtoto akiwekwa katikati, masomo yanakwenda wapi?

Mzazi akifungua daftari la mtoto wa darasa la pili na kukuta wiki nzima zimeandikwa kurasa tatu tu, lazima aingiwe na wasiwasi. Akimuuliza mwenye daftari, anaambiwa walikuwa "wanacheza na maharage". Wasiwasi huo tunauelewa, maana zipo shule ambazo "elimu inayomlenga mtoto" imekuwa jina zuri la kelele, gundi na karatasi za rangi. Lakini kazi ikifanywa sawasawa, maharage yaleyale hubeba sayansi, hesabu, lugha na sanaa, na mwalimu anaweza kukutajia kila kimoja bila kusitasita: leo nilitaka wajue kusoma rula kuanzia sifuri. Asipoweza kutaja, hapo pana tatizo, na maharage hayana kosa.

Basi tuyaangalie hayo maharage. Watoto wanne wanapewa mbegu kumi zilizolowekwa usiku kucha na gilasi mbili za kioo angavu. Ndani ya kila gilasi wanazungushia karatasi laini inayonyonya maji, kisha mbegu tano zinapachikwa kati ya karatasi na kioo ili zionekane kwa nje. Maji yanamwagwa chini kiasi cha sentimita moja tu, karatasi itayavuta yenyewe. Makundi mengi huharibikiwa hapa. Mtoto anaona huruma, anajaza maji hadi mbegu zinazama, na baada ya siku tatu gilasi inanuka, kwa sababu mbegu iliyozama hukosa hewa ikaoza. Mwalimu asikimbilie kuitupa. Iwekwe kando ya gilasi iliyofaulu, watoto wenyewe waseme tofauti iko wapi.

Gilasi moja inakaa dirishani, nyingine ndani ya kabati lililofungwa. Kabla ya kufunga kabati, kila mtoto anaandika anachotarajia, na karibu wote huandika kwamba ya gizani haitaota. Siku chache baadaye inaota. Baada ya wiki moja na zaidi mche wake ni mrefu kuliko wa dirishani, ila shina ni jembamba na limepauka. Mwalimu mwenye haraka ataeleza yote kwa dakika mbili na kuua somo. Swali moja linatosha: mbegu iliyofukiwa udongoni huona mwanga gani? Wapeni muda. Kisha pasueni mbegu moja iliyolowekwa, mtazame kimche kidogo kilicholala kati ya vipande viwili vinene. Vile vipande ndivyo akiba ya chakula, na kwa akiba hiyo mche wa gizani umeishi. Mwanga unahitajika baadaye, mche unapoanza kujitengenezea chakula kwa majani.

Hesabu inaingia siku ya kwanza shina linapotokeza. Rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri, na watoto hupima kuanzia ukingo wa rula, au kuanzia kwenye 1. Ndiyo maana mche mmoja huletewa vipimo vitatu na watu watatu. Mche ukipinda, rula haifai: uzi unalazwa juu ya shina, unakatwa, halafu uzi ndio unaopimwa. Vipimo vinaandikwa kwenye jedwali, na jedwali linazaa grafu. Lipo kosa moja la grafu ambalo tunalipenda kwa sababu linafundisha sana. Watoto hupima Ijumaa, hawapimi Jumamosi wala Jumapili, kisha hupima Jumatatu na kuiweka jirani kabisa na Ijumaa. Mstari unaruka ghafla, na wote wanaamini mche ulikimbia. Waambie waache nafasi za siku mbili zilizokosekana, mstari unatulia. Mtoto aliyeuona mruko ule ukitoweka ameshika kwa nini umbali kati ya siku kwenye grafu lazima uwe sawa, na wala hakukaririshwa.

Kwa lugha, mazao ni ya aina mbili: maelekezo (jinsi ya kuotesha mbegu) na taarifa (tulifanya nini, tuliona nini, tunafikiri ni kwa nini). Sentensi ya kwanza huwa "mche wetu ni mzuri". Usiikate kwa wino mwekundu. Muulize mzuri vipi, una majani mangapi, rangi gani, jana ulifika wapi. Kwenye usahihishaji, chagua makosa ya aina moja au mbili, kwa mfano herufi kubwa na nukta, mengine yasubiri. Ukurasa uliojaa alama nyekundu humfundisha mtoto kuandika sentensi fupi fupi asizoweza kukosea. Mchoro nao una kazi yake: mtoto anayechora bila kutazama atachora ua lenye petali tano hata kama mche wake hauna ua. Atazame kwa hesabu ya kumi, achore kipande kimoja, arudi kutazama.

Hata hivyo si kila kitu kiingizwe kwenye maharage, na katika hili tunatofautiana na wapenzi wengi wa mafunzo ya pamoja, yaani kufundisha masomo yote kupitia jambo moja. Kutunga wimbo wa maharage ili na muziki uonekane umefundishwa ni kujidanganya. Kusoma na hesabu vinahitaji muda wao kila siku, kwa mpangilio, kutoka jepesi kwenda gumu. Shule aliyoianzisha mwanafalsafa wa elimu Mmarekani John Dewey huko Chicago mwaka 1896 ilikuwa na mapishi, ushonaji na useremala, lakini mapishi yalikuwapo ili mtoto apime, alinganishe na kufikiri. Kilichobadilika ni njia. Mpango wa mwalimu ulibaki palepale.

Chukua 52 − 27. Mtoto aliyekariri utaratibu mara nyingi huandika 35: ametoa 2 kwenye 7 na 2 kwenye 5, kila mara dogo kutoka kubwa. Kumwambia "kopa" hakumsaidii, hajui anamkopa nani. Mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi yaliyofungwa kwa mpira na vijiti viwili vya pekee. Mwambie akupe saba kwenye mamoja. Hana. Anaangalia mafungu, anakuangalia wewe, kisha anafungua mpira mmoja. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa mafungu mawili, yanabaki mawili. Ishirini na tano. Jambo ambalo walimu husahau ni kuandika tarakimu wakati uleule mkono unapofanya: mpira ukifunguliwa, 5 inakatwa na kuwa 4, 2 inakuwa 12. Vijiti leo na tarakimu wiki ijayo ni masomo mawili ambayo mtoto hayaunganishi. Kati ya vijiti na tarakimu iwepo hatua ya kuchora, mistari kwa makumi na nukta kwa mamoja. Na vijiti viondolewe mapema pia. Mtoto anayeweza kueleza bila kuvishika akiendelea navyo, vinageuka mkongojo.

Kusoma kuna mtego wake. Katika lugha inayoandikwa jinsi inavyotamkwa, kama Kiswahili, mtoto anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima kwa ufasaha na asijue umesema nini. Mfunikie ukurasa, mwombe akusimulie kwa maneno yake. Akirudia sentensi ya mwisho tu, hajaelewa, hata kama sauti ilikuwa tamu.

Maarifa ya jamii huanzia darasani penyewe, kwa ramani. Watoto huchora meza ikiwa na miguu yake minne imelala ubavuni, kwa sababu ndivyo wanavyoiona wakiwa wamesimama. Weka kikombe sakafuni, kila mmoja ainame juu yake atazame chini, achore anachoona: duara. Baada ya hapo ndipo wapime chumba. Chumba cha mita 8 kwa 6 kinakaa vizuri kwenye karatasi kama sentimita 8 kwa 6, na wazo la skeli limeingia bila kutajwa jina. Jina litaletwa kesho.

Rangi na mazoezi ya viungo tuvipitie haraka. Kutengeneza kijani, anza na njano, ongeza bluu kwa ncha ya brashi. Ukianza na bluu utamaliza chupa ya njano. Kuruka mbali uwanjani ni kupima kwa mita, mradi wakadirie kabla ya kuruka.

Sasa makundi. Wanne ndio ukubwa mzuri: mpimaji, mwandishi, mtunza vifaa, msemaji, na kazi zibadilishwe kila kipindi. Wakifika sita, wawili wanakuwa watazamaji na mmoja, yule hodari, anafanya kila kitu. Katika kipindi cha dakika 40, dakika tano za kuanza, ishirini za kazi, na zisizopungua kumi za kueleza walichogundua. Hizo za mwisho ndizo huliwa na kufagia na kukusanya gundi, na zikiliwa, mtoto anarudi nyumbani akikumbuka gundi.

Katika dakika hizo kumi mwalimu aulize, kisha anyamaze. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha, katika miaka ya 1970, kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakifikisha tatu, majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujaribu kujibu. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu kuliko unavyodhani. Hesabu kimoyomoyo.

Kumbukumbu za mwalimu ndizo zinazotenganisha shule makini na shule ya maonyesho. Watoto watano kwa siku, sentensi moja moja, darasa la thelathini linaisha kwa siku sita za shule. "Anafanya vizuri" haina kazi. "Akijumlisha 8 na 5 anahesabu vyote kuanzia 1, hajaanza kuendelea kutoka 8" inamwambia mwalimu afundishe nini kesho asubuhi.

Mzazi, swali la "umejifunza nini leo?" lina jibu moja duniani kote: "hakuna". Muulize alipima nini, alidhani itakuwa ngapi, ikawa ngapi. Ukitembelea shule, chati zenye mapambo zipite. Omba uone kazi tatu za mtoto wako za tarehe tofauti kwenye jalada lake, kisha mwombe mwalimu akuonyeshe kilichobadilika kati ya ya kwanza na ya tatu. Kama gilasi ya kabatini bado ipo, uliza imehamishiwa dirishani tangu lini: siku chache kwenye mwanga, majani yaliyopauka huanza kuwa kijani, na mtoto wako anapaswa kuwa na vipimo vyake.