Bamia imekukosea nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri kijitabu cha afya kuhusu vyoo na kunawa mikono. Neno la Kiingereza "disgust" limejaa humo karibu kila ukurasa. Mimi nimeandika "chuki". Mhariri kalikata, kaweka "karaha". Mwenzangu wa meza ya pili anashikilia "kinyaa". Nani kati yetu yuko sawa? Na je, hilo neno huko kwao lilianza na maana hiyohiyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Aliye sawa ni mwenzako wa meza ya pili. Mnunulie soda.

Ningeishia hapo, wewe ukaendelea na kazi yako na mimi nikaenda kulala. Lakini umeandika "chuki", na neno hilo limenikaa kooni siku nyingi. Ngoja kwanza nilimalize la Waingereza, maana halina urefu.

"Disgust" ni neno la mdomoni. Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa kwenye mwaka 1600 hivi, na tumboni mwake mna neno la Kilatini lenye maana ya ladha. Kipande cha mbele kinaikana hiyo ladha. Basi asili yake ni mtu aliyepelekewa tonge akaona halimwingii. Kwa muda mrefu lilikuwa neno la upole tu. Mwaka 1813, katika riwaya yake Pride and Prejudice, Jane Austen anamwingiza Bwana Darcy kwenye dansi, na kabla usiku haujafika mbali mwenendo wake umeshawatia watu "disgust". Hakuna aliyetapika. Bwana alijiona, akakataa kucheza na mabinti wa watu, basi. Kijana wa London akiisoma sentensi hiyo leo atadhani Darcy alikuja hajaoga.

Charles Darwin, yule mwanasayansi wa viumbe, naye aliliandikia kurasa kadhaa mwaka 1872. Anasimulia kwamba alipokuwa Tierra del Fuego, kule kusini kabisa mwa Amerika, alikuwa akila nyama baridi ya kuhifadhiwa, na mwenyeji mmoja akaigusa kwa kidole. Mwenyeji akaona kinyaa jinsi nyama ile ilivyo laini. Darwin naye akaona kinyaa kwa sababu chakula chake kimeguswa na mtu aliye uchi, ingawa, anakiri mwenyewe, mikono ya yule mtu haikuonekana kuwa michafu. Nimesema "akaona kinyaa" mara mbili na hukushtuka. Jaribu sasa kuweka "chuki" mahali pake. Darwin ana chuki na nani? Na mwenyeji ana chuki na nyama?

Sisi maneno ya jambo hili tumeyatoa mwilini, na hatukuishia mdomoni. Kiarabu kilituletea "kinai", ambalo kwao ni kuridhika na ulicho nacho. Tukalipokea, tukaridhika, kisha tukaendelea kula. Leo ukiambiwa pilau ile ya harusi inakinaisha, hujaambiwa kwamba inaridhisha. Umeambiwa mafuta yanaelea na kijiko cha nne hakipiti. Kutoka kutosheka hadi kutotaka kuona sahani, ndani ya neno moja. Halafu tuna "kuchefua", la tumboni, linalokupa kichefuchefu. Na tuna "kinyaa", ambalo halijifichi: limetoka kwenye "kunya", kitenzi ambacho zamani mvua nayo ilikitumia bila aibu, kabla hatujaistahi kwa "kunyesha". Kinyaa kwanza ni uchafu wenyewe, kisha ndiyo hali inayokupata ukiuona.

Na hapo ndipo ninapomfahamu mhariri wako. Ni mtu mstaarabu. Amelisikia neno linanuka choo, akatafuta la Kiarabu lililovaa kanzu. Lakini kijitabu chenyewe ni cha vyoo, bwana! Karaha ni neno zuri na lina kazi yake. Ni ndugu wa makuruhi ya wanazuoni, jambo lisilopendeza ingawa halijafika kuwa haramu, kama kuingia msikitini umetoka kutafuna kitunguu saumu kibichi. Jirani anayetoboa ukuta alfajiri ni karaha. Kusubiri ofisini mpaka saa saba, kisha ukaambiwa mwenye mhuri amekwenda msibani, ni karaha. Nzi aliyetoka chooni akatua kwenye uji wa mtoto ni kinyaa, na ukimpunguzia ukali nzi huyo, mama hataufunika uji.

Sasa tuje kwako, mwanangu. Sikulaumu kabisa, kwa sababu "chuki" ni ndugu wa "chukiza", na "harufu ya kuchukiza" ni Kiswahili safi kabisa. Wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la kitu kinachomtia Mungu karaha waliandika "chukizo la uharibifu", wakapatia. Mti huu una matawi mawili. Tawi la "chukiza" na "chukizo" bado linaelekea kwenye karaha. Tawi la "chuki" limekwenda kwenye uadui. Ukisema "harufu inachukiza" nitaziba pua. Ukisema "nina chuki na harufu" nitakuuliza ilikufanya nini.

Na "kuchukia" lenyewe? Hapo pana habari. Ukikaa na wazee wa pwani na visiwani utasikia "nikikwambia utachukia", na maana yake ni utaudhika, utanuna, huenda ukaondoka bila kumaliza kahawa. Kesho asubuhi mnasalimiana. Katika hadithi za kale mfalme huchukia kila baada ya kurasa mbili, na hakuna anayeshangaa. Ninawi iliposamehewa, Biblia inasema jambo hilo lilimchukiza Yona. Naye akatoka nje ya mji, akajijengea kibanda, akaketi kununa mpaka Mungu akamwoteshea mtango wa kumpa kivuli. Hasira yenye kibanda na mtango! Hiyo ndiyo kuchukia ya wazee. Inawaka, inanuna, inapoa.

Baadaye neno likazama, likawa ghala la uadui. Leo mtu mwenye chuki nawe ana kumbukumbu, ana sababu au anadhani anayo, na angefurahi ukianguka. Kenya ilipoanza kuyabana kisheria maneno ya kuchochea watu wa jamii moja dhidi ya nyingine, mwaka 2008, baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi, watu waliyaita "matamshi ya chuki", na sioni neno jingine lililoweza kuubeba mzigo huo. "Chuki dhidi ya wageni" vilevile. Kiingereza wanaliita jambo hilo kwa neno la Kigiriki la woga, sisi tumelitaja kwa jina lake. Mahali kama hapo neno limeiva na linauma, na siligusi.

Ninachokigusa ni bamia.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja aliisogeza sahani kwa ncha ya kidole, kidole kimoja tu, kana kwamba sahani ina umeme, akatangaza: "Nachukia bamia." Nikamuuliza, bamia imekukosea nini? Imekuibia? Imekusengenya? Imekataa kukulipa deni? Akanitazama kama ninavyotazamwa siku hizi. Nikamwambia: una haki ya kutozila. Sema huzipendi, hazikupandi, hazishuki, zinakukinaisha, hupatani nazo. Lakini chuki inahitaji kesi, na bamia haina faili.

Hakulitoa hewani. Amelipata kwenye tamthilia zinazoingizwa sauti za Kiswahili, ambamo watu wanachukia kila kitu. Wanachukia Jumatatu. Wanachukia baridi, viatu vipya, mawigi, na mvua ikinyesha siku ya picha. Mwandishi wa Kiingereza aliandika "hate", neno ambalo kwao limechujwa maji mpaka halileweshi mtu, na mfasiri wetu akafungua kamusi, akakuta "chukia", akafunga kamusi. Hakujiuliza kama mtu wa Tandika aliyekwama kwenye foleni anasema "nachukia foleni". Hasemi. Anasema foleni imemshinda, imemchosha, inamkera, imemfika hapa, na anaonyesha shingoni.

Wazazi wa mchezo huu ni wale wanaosema "nachukia kukwambia hivi, lakini". Nimesikia mhusika akimwambia mwenzake: "Nachukia kukwambia hivi, lakini mama yako amelazwa." Jamani! Mtu mama yake kalazwa, na mleta habari anaanza kwa kueleza chuki zake. Sisi habari nzito tunaizungukia: "Kaa kwanza. Umekula?" Au tunasema "naona vibaya kukwambia", "sina budi kukwambia", na kwenye barua "nasikitika kukuarifu". Njia zipo tele, zimekanyagwa na wakubwa zetu mpaka zimeng'aa, na mtu anapita porini kwenye miiba.

Lakini haya yote nilikuwa nimeyavumilia mpaka nilipojitoa kwenye huduma moja ya simu. Silitaji jina. Ilikuwa ikinitumia methali kila asubuhi na kunikata fedha, mimi, ninayezitoa methali bure. Nilituma neno la kujitoa nikiwa nimesimama kituoni. Jibu likaja kabla daladala haijaja: "Tunachukia kukuona unaondoka."

Nikasoma maneno mawili ya kwanza, nikasimama. "Tunachukia kukuona." Mimi? Nimewakosea nini? Kwa Kiswahili sentensi inaweza kuishia hapo ikiwa imekamilika kabisa: sisi hatutaki hata kuiona sura yako. Ndipo linafuata "unaondoka", na sasa nina maana mbili mkononi. Ama hawataki niondoke, ama wamenichukia kwa kuwa nimekaa mno, na hata kuondoka kwangu kunawaudhi kwa kuwa ni lazima wanitazame nikielekea mlangoni. Nikaigeuza kila upande. Nikamwonyesha kondakta, kijana msikivu, akasoma akasema: "Mzee, hawa unawadai?" Kondakta hakusomea isimu, lakini amelipata kwa kuangalia mara moja: penye chuki pana deni.

Sasa sikiliza mwenye duka la mtaani kwetu. Ukihamia duka jingine wiki mbili kisha ukarudi, anakwambia: "Mbona umetutupa?" Maneno mawili, na ndani yake mna lawama, mna utani, mna mapenzi, na unajikuta umenunua sukari kilo mbili ulipotaka nusu. "Umetuhama." "Usitusahau." "Karibu tena." Kampuni yenye wataalamu wa mawasiliano wenye viti vya kuzunguka imeshindwa na mtu wa kaunta aliyevaa kandambili.

Najua nitaambiwa lugha hukua. Naam. Nimeshuhudia "kunyanyapaa" ikitoka kuwa neno la watu wachache, la kumwonea mgonjwa kinyaa, ikawa "unyanyapaa" wa mabango ya UKIMWI, na mwaka 2008 Tanzania ikatunga sheria inayoukataza. Hilo lilikua kwa sababu palikuwa na kitu kipya cha kutajwa. Bamia si kitu kipya. Nachoka, na najua "nachukia" itanishinda. Mjukuu ana miaka mingi ya kusema kuliko mimi ya kusahihisha. Naomba tu kwamba siku akikutana na chuki yenyewe, ile ya matamshi, awe amebakiwa na neno la kuiita.

Kwa hiyo, mwanangu wa Morogoro: nzi, choo, mikono isiyonawiwa, weka "kinyaa". Watu huona kinyaa, hushikwa na kinyaa, na kitu hutia kinyaa. Usiseme "kuhisi kinyaa" kama vile unapima homa. Kelele na usumbufu mwachie mhariri "karaha" zake, asijione amepoteza vyote. "Chuki" iondoe yote. Chuki haijamfanya mtu anawe mikono hata siku moja.

Mjukuu, ili nisimwache nusunusu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama sahani, ule mlenda ukining'inia kwenye kijiko kama uzi, akasema polepole, kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka alama zote: "Babu, basi bamia hizi zinanitia kinyaa."

Sahihi kabisa. Mama yake, aliyezipika, alikuwa amesimama mlangoni. Alichukia.