Injinia wa mafuta haanzi sifuri

Mkuu umeuliza kama injinia wa mafuta lazima arudi chuo miaka minne ndo afanye kazi ya kuhifadhi kaboni ardhini (yaani kusukuma gesi ya kaboni dioksidi ndani ya miamba ikae huko), hapana bana, visima na miamba si tayari anavijua. Shida ni kufikiria kinyume, kazoea kutoa mafuta sasa anaingiza gesi, presha inapanda badala ya kushuka, na hiyo gesi ikikutana na maji inakuwa asidi inakula saruji ya kisima taratibu. Kwahiyo akaze kemia, na ule mwamba wa juu unaofunika (hapo wengi wanapuuzia) maana ukipasuka gesi inapanda. Pia aangalie Sleipner, mradi wa kuhifadhi kaboni kule Norwe, walianza 1996, picha za mitetemo (wanatuma mawimbi ardhini na kupima yanavyorudi) zinaonyesha kabisa gesi inavyotambaa kwenye miamba chini ya sakafu ya bahari.