Mistari ya latitudo na longitudo kwenye ramani ya Uganda

Ndugu, umeeleza kwamba mistari uliyoichora kwa Leaflet (maktaba ya programu ya kuchora ramani za intaneti) inaonekana Algeria badala ya Uganda. Bila shaka umegeuza mpangilio wa namba: Leaflet hutanguliza latitudo, ilhali GeoJSON, muundo wa kuhifadhi data za ramani, hutanguliza longitudo, kwa hiyo Kampala, iliyo karibu na 0.3 Kaskazini na 32.6 Mashariki, ikigeuzwa huangukia jangwani huko. (Nami kosa hilo liliwahi kunipotezea siku nzima.)

Kwa kuwa ramani nyingi za intaneti hutumia makadirio ya Mercator (njia ya kuonyesha uso wa dunia kwenye ramani bapa), kila mstari wa latitudo au longitudo hunyooka na huhitaji nukta mbili tu. Jambo la kufikiria zaidi ni nafasi kati ya mistari. Digrii 1, ambayo karibu na ikweta ni takriban kilomita 111, inafaa unapoonyesha nchi nzima, lakini mtumiaji akikuza ramani hadi mitaa ya Kampala huenda asione mstari hata mmoja. Hapo tumia digrii 0.01. Chora mistari upya kila mara ramani inaposogezwa, kwa eneo linaloonekana pekee. Ikweta ipe rangi yake, na kwa Kabale, mji ulio kusini mwa ikweta, andika "Kusini" badala ya kuweka alama ya kutoa mbele ya latitudo.