Re: Watoto watatu, likizo ya mwezi wa sita, hela hamna (Tanga)

Dada pole, hata wangu wapo nyumbani na wameshaanza kunitoa roho. Umeuliza utawashikaje mwezi mzima bila kula mtaji wa genge, mi nakwambia anza na bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali mida ya saa nne asubuhi hivi, sie tunashuka Raskazone na ndoo moja ya rangi iliyoisha, wanafukuza kaa, wanaokota makome, wanaandika majina mchangani halafu wanakaa kusubiri maji yaje yafute, hapo saa mbili zimekatika. Wavishe ndala tu, kwenye mawe chaza wanachana miguu vibaya. Na beba mihogo ya kuchemsha, usipobeba utaombwa hela ya ubuyu mpaka ukome.

Siku nyingine vishada. Upepo wa kusi saa hizi ndo wenyewe, unachukua njiti za fagio la makuti, gazeti, uzi wa cherehani, gundi ni uji mzito wa sembe. Mkia wape tambara mwenyewe, wangu wa kati alichana kanga yangu mpya ya doti, alinijua siku hiyo!

Mapango ya Amboni mazuri ila kuna kiingilio na nauli, mi nayaweka mwisho wa likizo, mara moja tu, na wakizingua kuosha vyombo ndo nawakumbusha safari hiyo. Simu asubuhi usiwape aisee.