Fremu ya Laki na Nusu? Igeuze Kwanza Uone Mgongo

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Fundi ananitajia 150,000 kwa fremu moja ya picha ya harusi ya wazazi wangu. Kariakoo napata kwa 15,000. Si wizi huu?"

Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Picha ya marehemu baba tulikuwa nayo moja tu. Alipiga studio hapa Tanga mwaka 1974, nyeusi na nyeupe, kavaa bugaluu, mkono mfukoni. Nikaitia kwenye fremu ya plastiki yenye rangi ya dhahabu, nikaona nimemaliza. Kuta zetu za pwani mnazijua, masika zinatoa jasho. Mwaka juzi, tukijiandaa kwa hitma, nikaishusha nikaitolee nakala. Imegandana na kioo. Nikavuta. Nusu ya uso wa baba ikabaki kwenye kioo. Shangazi alikuwa amekaa pale pale. Hakusema neno, na mpaka leo hajalisema.

Picha za zamani zina utando wa jelatini. Ukipata unyevu unalainika na kunata kama gundi. Na fremu za bei ndogo huilaza picha juu ya kioo moja kwa moja. (Ikikukuta, usivute! Iache humo humo, ipige picha kupitia kioo. Mimi hakuna aliyeniambia.)

Kwa uchungu nikakimbilia upande wa pili. Unguja, duka la watalii, fremu ya nakshi kama mlango wa Mji Mkongwe, 220,000. Kaskazi moja tu, kona zikaachia: mbao ilikuwa mbichi. Nyuma wameziba kwa kipande cha katoni. Na nilivyokuwa nikiwaonyesha wageni!

Ya tatu kaitengeneza fundi wa mtaani kwetu, 120,000, mninga uliokauka. Kona kazikata nyuzi 45, katia gundi, kisha kila kona kaichomeka kijibao chembamba cha kuibana. Kati ya picha na kioo kaweka karatasi nene iliyokatwa dirisha, visigusane. Siku tisa nilimsumbua kwa simu. Nakshi haina hata moja, na masika mbili imepita salama ikiwa na nusu ya baba iliyobaki.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kununua nakshi. Igeuzeni fremu, mtazame mgongo na kona. Picha ya simu unayoweza kuisafisha tena kesho, tia plastiki, wala usione haya. Lakini harusi ya wazazi? Tunachanga laki kwa kadi ya mtu tuliyekutana naye kazini mara mbili, halafu mzazi tunamtafutia cha bei rahisi.

Huyo fundi wako muulize mbao kaikausha muda gani, na nyuma anaziba kwa kitu gani. Akijibu bila kubabaika, mpe kazi. Ila anza na 120,000, maana fundi hakosi kuweka cha juu.