Mke wangu alipoanza kemo: usimfanye mgeni nyumbani kwake

Mkuu uliyeanzisha uzi, pole sana. Umesema mkeo amekutwa na saratani ya titi, kemo (zile dawa kali za saratani za kwenye dripu) inaanza Jumatatu, mna watoto wawili wadogo na hujui nyumbani patakuwaje. Wadau hapo juu wamekutia moyo na kukuombea, jambo jema. Mimi nitakujibu ya jikoni na chumbani, maana huko ndiko nilikoharibu.

Sisi tupo Morogoro. Mama watoto aligusa uvimbe mwenyewe akiwa anaoga, mwishoni mwa 2023. Hospitali ya kwanza wakasema jipu, akameza antibayotiki miezi minne. Nikikumbuka damu bado inanichemka, tuyaache. Kinyama kilipokatwa kikapelekwa maabara, uvimbe ulikuwa umeshafika ukubwa wa ndimu. Tukapangiwa kemo mizunguko minane Dar, kila baada ya siku 21, halafu upasuaji, halafu mionzi.

Piga hesabu ya hizo siku 21. Hospitali mnakaa siku moja. Ishirini zinazobaki ni za kwako wewe na nyumba yako, na hakuna nesi.

Dawa ya mizunguko yetu minne ya kwanza ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Hakuna aliyetuambia kwamba mkojo nao ungetoka mwekundu. Usiku ule akaniita kutoka chooni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alijua ni damu. Hatukulala. Kumbe ni rangi ya dawa tu, inakwisha ndani ya siku moja au mbili. Kama na mkeo atapewa hiyo, mwambie kabla.

Kwake siku ya tatu mpaka ya tano ndizo zilikuwa chungu. Kitunguu kikianza kukaangwa anatoka nje ya nyumba, ikabidi jiko la mkaa tulihamishie nyuma, upande ambao upepo unampelekea jirani moshi (jirani anisamehe). Kila chakula alisema kina ladha ya sarafu, tukaweka kando vijiko vya chuma, akawa anatumia cha plastiki. Kilichopita kooni ni uji wa ulezi uliopoa na ndimu, kwenye kikombe cha mtoto, kidogo kidogo. Usimjazie sahani halafu ukae unamtazama mdomoni. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nikidhani ndiyo mapenzi.

Wiki ya pili utamwona kachangamka, na wageni ndipo wanapomiminika. Ndiyo wiki ya kuogopa sasa, kwa sababu chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zinashuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14. Nunua kipimajoto. Joto likifika 38, usimpe panadoli ukasema tuone kutakuchaje. Mpeleke hospitali usiku huohuo na useme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Kwetu ilitokea mzunguko wa pili, saa saba usiku, tukapanda bajaji. Akalazwa siku nne.

Sasa nikuambie nilipokosea. Mama yangu alikuja kutoka kijijini kutusaidia, akaja na mdogo wake, na dada wa kazi alikuwepo. Nikawapanga kama kambi ya jeshi: huyu apike, huyu afue, mimi nishughulike na dawa na shule za watoto. Mgonjwa apumzike. Hakuguswa na kazi yoyote. Mama mdogo akamtengea kikombe na sahani zake, akavifunga uzi mwekundu vishikio. Sikumwuliza kwa nini, nilijua anaogopa ugonjwa utawahamia wengine, na saratani haihamii mtu kwa kikombe. Nikanyamaza kwa sababu nilimhitaji. Hilo nalijutia zaidi ya mengine yote.

Jioni moja mama watoto akatoka chumbani, kichwa kimefungwa kitambaa (nywele zilimtoka siku ya 17, tukamnyoa na mashine yangu), akakuta dada anachambua mchele. Akanyoosha mkono, "Nipe ungo." Dada akaniangalia mimi. Mama akasema, "Mwanangu, kalale." Na mimi nikasema, "Kapumzike, mama watoto." Akasimama pale mlangoni kitambo, halafu akasema taratibu, bila hasira, "Hii nyumba mmeshanizika." Akarudi ndani.

Nilikaa kwenye ngazi nikavuta sigara ambayo nilikuwa nimeiacha miaka sita. Kesho yake nikampelekea ungo kitandani, na mchele kilo moja. Uzi mwekundu nikaukata mwenyewe mbele ya mama mdogo. Akanuna siku tatu, akaondoka ya nne. Mama alibaki, na tangu siku hiyo asubuhi anaanza kwa kumwuliza mkwewe, "Leo tupike nini?" Siku nyingine jibu lilikuwa kutikisa mkono tu. Lakini aliulizwa.

Watoto. Binti yetu alikuwa na miaka tisa, mdogo wake mitano. Tuliwaambia mama anaumwa tumbo, uongo wa kijinga. Binti akaacha kutuonyesha madaftari, mdogo akaanza kukojoa kitandani. Mimi namfokea. Siku moja namfulia shuka, akaja akasimama karibu na karai akauliza, "Baba, ni kwa sababu nilimpiga mpira kifuani?" Alikuwa amebeba hilo wiki ngapi sijui. Mtoto akiachwa bila maelezo anajitafutia mwenyewe, na mara nyingi anajikuta yeye ndiye mwenye makosa. Usiku huo tukawakalisha, mama yao akawaambia jina la ugonjwa, akawaambia hakuna aliyemsababishia, akawaonyesha kipara. Binti akauliza kama atakufa. Mama yao akajibu, "Madaktari wanafanya kazi ili nisife. Kukiwa na jipya nitakuambia mimi, hutasikia kwa mtu." Mimi nisingeweza kujibu hivyo. Kitanda kilikauka baada ya kama mwezi.

Pesa sitaandika sana. Bima ilibeba sehemu kubwa ya matibabu, nauli na kula haibebi. Mizunguko ya mwanzo tulikwenda kwa basi, kurudi ni kila tuta na mfuko wa kutapikia mkononi. Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kati ya Dar na Moro, na sijali wanasiasa wanagombania sifa ya nani, kwetu ile treni ilikuwa dawa. Kundi la WhatsApp la michango litazaa ugomvi, mpe shemeji mmoja mwenye msimamo asimamie, wewe usikae humo.

Unga wa mstafeli utaletewa na watu watatu tofauti, mmoja wao atakuwa mchungaji. Nasi tuliletewa. Usiutupe mbele yao wala usiufiche. Mke wangu aliubeba mpaka kwa daktari, akaambiwa asichanganye na kemo kwa sababu ini na figo tayari zina mzigo. Likawa neno la daktari, mimi nikapona kugombana na ukoo.

Kuhusu ulichouliza mwisho kwa kujificha, la chumbani, yaani tendo la ndoa. Siku mbili tatu baada ya dripu dawa bado inatoka kwenye majimaji ya mwili, kwa hiyo kondomu, na choo kiflashiwe mara mbili. Mimba isiingie kabisa wakati wa kemo, waulizeni wahudumu njia inayomfaa. Hayo ndiyo mepesi. Zito ni kwamba baada ya upasuaji alianza kuvaa nguo akinipa mgongo. Alirudi na dreni, kile kichupa kinachoning'inia, na kila asubuhi ilikuwa zamu yangu kupima maji yaliyotoka na kuandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia kichupa tu, naogopa kuangalia kovu. Akaniambia, "Angalia basi tumalize." Nikaangalia. Mstari mrefu, nyuzi, ngozi imevutwa. Nikasema fundi kashona vizuri. Ni sentensi ya kipuuzi lakini alicheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mama yake baadaye alimshonea kifuko cha kitenge akakijaza ulezi ili kiwe na uzito kwenye sidiria. Kikilowa jasho analalamika kwamba ulezi utachipua.

Mionzi tulifanyia Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, vipindi 15, Jumatatu hadi Ijumaa, tukifikia kwa dada yake Tabata. Usimpake mafuta yoyote pale panapopigwa bila kuuliza, na ile michoro ya wino wanayomchora ngozini kuonyesha pa kupiga isifutwe kwa dodoki. Uchovu wa mionzi unakuja nyuma, kwetu ulimkamata zaidi baada ya kumaliza.

Mizunguko minne ya mwisho ya kemo ilikuwa dawa nyingine, ile inayoleta ganzi vidoleni. Ungo alikuwa hajauacha. Siku moja tunakula, mdogo akauma jiwe, kraa, meza nzima ikasikia. Kumbe vidole havikuwa vinahisi mawe. Dada wa kazi akainuka kuuchukua ungo. Binti yangu akamshika mkono, akasema, "Muache mama." Ganzi mpaka leo haijaisha yote kwenye ncha za vidole. Wali wa kwetu una mawe, na tunakula.