Mrudishie mama mayai yake

SWALI: Shikamoo mama mfamasia. Mama yangu ana miaka 58, alitolewa titi mwaka juzi saratani ikiwa bado changa. Sasa anameza tamoxifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi. Nimesikia redioni kwamba kimeng'enya cha ini kinachosimamia mafuta ndicho kinachosambaza saratani ya matiti. Nimemkataza mayai, nazi na nyama. Je, nimnunulie na dawa ya kolesteroli? – Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, leo mchemshie mama yai.

Nasema hivyo kwa uchungu. Mdogo wangu alipougua saratani hiyohiyo tulimnyima samaki wa nazi miezi minne, akakonda hata magauni yakamwanguka mabegani. Muuguzi wa zamu ndiye aliyetukemea.

Ulichosikia kinaitwa PCSK9. Kiukoo ni kimeng'enya cha kukata protini, ila hiki hujikata chenyewe tu, mara moja. Baada ya hapo hutoka kwenye ini na kuzunguka katika damu. Chembe za ini zina vipokezi, kama mikono, vya kudaka kolesteroli ya LDL, ile iitwayo mbaya. PCSK9 huung'ang'ania mkono huo, vyote viwili vikamezwa ndani na kuharibiwa. Mikono ikipungua, kolesteroli hubaki kwenye damu.

Desemba 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba chembe za saratani ya matiti nazo zina mkono unaoharibiwa hivyo na PCSK9, uitwao LRP1. Ukiwepo huzuia saratani isisambae. Ukiondoka, mbegu za saratani zilizofika mapafuni huota kwa urahisi. Katika panya, kingamwili za kuizuia PCSK9 zilipunguza kusambaa huko. Kisha wakaangalia wagonjwa wa Sweden waliogunduliwa mapema: waliorithi kwa wazazi wote wawili aina kali ya jeni ya PCSK9, hatari yao ya saratani kusambaa sehemu za mbali mwilini ndani ya miaka 15 ilikuwa asilimia 22. Wengine, asilimia 2.

Zingatia neno hilo, waliorithi. Sahani ya mama haikuandika jeni zake, wala wewe hukumkosea kwa kumpikia mchicha wa nazi miaka yote.

Kuhusu dawa, usinunue. Sindano za kuizuia PCSK9 zipo tangu 2015, lakini ni za kolesteroli na moyo. Kwa saratani ya matiti bado ni habari ya panya. Vidonge vya kawaida vya kolesteroli, statini, havifanyi kazi hiyo. Tena hulifanya ini litoe PCSK9 zaidi. (Kama daktari alishampa mama statini kwa ajili ya moyo, asiziache kwa sababu ya barua hii.)

Kinachonipa matumaini ni dada mmoja wa Zimbabwe, aliyepimwa kliniki ya wajawazito akiwa na miaka 21. Alirithi jeni iliyoharibika pande zote mbili, PCSK9 yake haikufanya kazi, LDL yake ilikuwa ndogo ajabu, naye alikuwa mzima. Kwa hiyo kukizuia kitu hiki si kumvunja mtu mwili.

Kwa sasa tamoxifeni asiruke hata siku moja. Akikohoa wiki tatu bila nafuu, mifupa ikimuuma usiku, au pumzi ikimbana, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke. Na kwenye mchicha, tui jepesi linatosha.